Woga wa Kalamu

Kila muhula, siku ninapotoa kazi ya insha, hapakosi mwanafunzi mmoja au wawili wa kuniletea karatasi tupu, au yenye mistari mitatu isiyo na uhai. Nikimwuliza sababu, huniambia: "Mwalimu, mimi sina la kuandika." Huwa simsadiki. Yamkini asubuhi ile ile, wakati wa mapumziko, nimemsikia chini ya mti akiwasimulia wenzake jinsi lori la mchanga lilivyokwama mtoni usiku wa manane, jinsi mafuriko yalivyosikika yakija kutoka juu kabla hayajaonekana, na jinsi utingo alivyorukia ukingoni na kiatu kimoja. Wenzake walikuwa wamesahau chai zao mikononi. Ulimi wake haukutafuta neno hata moja. Maneno yalimjia kama kuku wajiavyo mtama. Basi nauliza katika kurasa hizi chache: kati ya mti ule na dawati lake, maneno yale yalikwenda wapi?

Jibu la kwanza liko karibu. Kusema na kuandika ni ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja wao hutembea na shahidi. Mtu akisema vibaya, hucheka, akaligeuza neno lake, akaendelea, na baada ya saa moja hakuna akumbukaye. Akiandika vibaya, kosa hukaa palepale likimkodolea macho. Tena msimuliaji huwaona wasikilizaji wake. Wakichoka hufupisha, wakifurahi hurefusha. Mwandishi haoni mtu. Aandika kwa ajili ya uso asioujua, na uso usiojulikana, katika mawazo ya mtu mwenye hofu, siku zote huwa umekunjamana.

Lakini jibu hilo halitoshi. Likiwa kweli tupu, kila mtu angeiogopa karatasi kwa kipimo kimoja, nasi twajua kwamba sivyo. Watoto wadogo hawaiogopi. Mpe mtoto wa miaka saba kipande cha chaki, atajaza ukuta mzima wa nyumba kabla mama yake hajarudi kutoka kisimani. Woga wa kalamu haukuzaliwa pamoja nasi, tumefundishwa. Na kwa kuwa nataka kusema kweli katika insha hii, sina budi kusema kwamba mimi ni mmoja wa waliofundisha.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu na kichwa kimejaa kanuni, niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza insha juu ya siku wasiyoweza kuisahau. Msichana mmoja, ambaye hapa sitamtaja jina, aliandika juu ya kifo cha bibi yake. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na sentensi hii: "Susu alipokufa, jembe lake lilibaki limesimama shambani siku tatu, na hakuna mtu aliyethubutu kuling'oa." Mimi sikuliona jembe. Niliona neno "susu", ambalo ni la Kikamba, limeingia katika insha ya Kiswahili bila kubisha hodi. Nikalizungushia wino mwekundu. Kisha, kwa kuwa nilidhani kosa la mmoja ni somo la wote, nikaisoma sentensi ile mbele ya darasa, na nilipofika kwenye neno lile nililivuta kwa sauti ya mzaha. Darasa zima likaangua kicheko. Kwa muda wote uliobaki wa mwaka ule, wenzake walimwita Susu.

Hakulia. Laiti angalilia, pengine ningalijua nilichofanya. Alichofanya ni kuandika vizuri tangu siku ile. Kila insha yake ilikuwa fupi, safi, haina kosa la sarufi, wala haina kitu chochote ndani yake. Ilikuwa kama chumba kilichofagiliwa baada ya wenyewe kuhama. Nami, ewe msomaji, nilimpa alama nzuri na kujisifu moyoni kwamba amesikia somo.

Huo ndio mfano wa kwanza wa woga: kunyamaza kwa adabu. Mfano wa pili ni kelele, na huu wauona zaidi wewe mwenyewe, kwa sababu umeenea katika shule zetu kama kwekwe. Mwanafunzi anayeogopa kusema alichokiona huazima alichoona mwingine. Basi insha yake huanza kwa jua kuchomoza mashariki na kutandaza miale yake ya dhahabu, ndege hutumbuiza matawini, umande humetameta majanini, na shujaa wa hadithi hudamka mithili ya nini sijui, akashika njia guu mosi guu pili. Nimesahihisha mamia ya mapambazuko ya namna hii. Mengine yametokea katika insha zihusuzo ajali ya usiku. Mwandishi alikuwa amekariri pambazuko lake wala hakukubali lipotee bure. Msidhani kwamba nawacheka. Mimi nami nilikuwa nalo langu, nalikumbuka hata leo, na lilinipatia alama. Lakini tazama maana yake. Mtu ajivikaye nguo za kuazima kutoka kichwani hadi miguuni ametuambia, bila kujua, kwamba anaionea haya ngozi yake.

Sasa na tuulize: huko kujiamini tunakokutaka ni kitu gani? Wengi hudhani ni kuamini kwamba kazi yako ni nzuri. Wakisikia "jiamini" huelewa "jione". Na kwa kuwa tumelelewa kwamba mtu hajisifu mwenyewe, wale wenye malezi mema hukataa, wakadhani kwamba kuogopa ni unyenyekevu. Hapa pana kosa la hesabu linalofaa kutazamwa polepole.

Mchukue mtu asiyeandika kwa sababu aogopa kuandika vibaya. Aogopa nini hasa? Kosa la tahajia halimdhuru mtu, halivunji mfupa. Aogopa kuonekana na kosa. Ana sura yake moyoni, sura ya mtu asiyekosea, naye ailinda sura hiyo kwa njia moja tu iliyo salama kabisa, yaani kutofanya lolote. Je, huo ni unyenyekevu? Mnyenyekevu wa kweli ni yule akubaliye kuwa mwanafunzi mbele ya watu: aandika, asahihishwa, aandika tena. Huyu mwingine ataka aanze akiwa bingwa, na kama hapewi ubingwa siku ya kwanza, hachezi. Mimi naona kwamba mara nyingi woga wetu ni kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu, nasi tukiona kanzu twatoa heshima.

Nimesema mara nyingi. Sikusema siku zote. Msichana wangu hakuwa na kiburi. Alikuwa na jeraha, na mtu wa kumpa jeraha alikuwa mwalimu wake. Kwa hiyo usimwambie kila mwoga kwamba ana kiburi, waweza kumwonea. Lakini unapojichunguza mwenyewe usiku, ukiwa peke yako, jiulize swali hilo kwanza kabla ya kumlaumu mwalimu.

Ikiwa kujiamini si kuamini kwamba kazi ni nzuri, basi ni kuamini nini? Kwa maoni yangu ni kuamini mambo mawili madogo: kwamba uliyoyaona uliyaona kweli, na kwamba lililo baya karatasini laweza kutengenezwa. Hakuna zaidi. Mwenye imani hizo mbili aweza kuiita kazi yake mbaya kwa sauti kubwa na bado akarudi kesho kuikalia. Mwenye majivuno hawezi, kwa kuwa kwake kazi haina ubaya. Na mwenye kujidharau hawezi, kwa kuwa kwake ubaya hauna dawa. Waona kwamba hawa wawili, walio mbali kama mashariki na magharibi, hukutana mahali pamoja: wote wawili hawafanyi masahihisho.

Twende Wamunyu, si mbali na mji wetu wa Machakos. Watu wa nchi hii tangu zamani walichonga vigoda na vyombo vya nyumbani, lakini uchongaji wa vinyago vya kuuza, huu unaowajua watalii, watajwa kuwa ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge. Katika Vita Kuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, alichukuliwa kama wengi wa kizazi chake akapelekwa upande wa kusini, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko aliwaona mafundi wa kuchonga miti migumu, akajifunza kwao. Vita vilipokwisha alirudi kwao Wamunyu akaanza kuchonga, kisha jamaa zake wakaiga, kisha majirani, hata kazi ile ikawa chakula cha maelfu ya watu na ikafika Mombasa, Nairobi na ng'ambo.

Natamani tungalijua zaidi juu ya miezi yake ya kwanza baada ya kurudi. Wazee waliompita njiani walimwona mtu mzima, aliyetoka vitani, ameketi kivulini akigongagonga gogo ambalo halikuwa kigoda wala mwiko. Kama alikuwa mtu wa kuuliza kwanza, "Watanionaje?" Wamunyu isingekuwa Wamunyu. Nenda leo ukawatazame vijana wanaojifunza kazi ile. Hapana ampaye mwanagenzi gogo la muhugu akamwambia, "Nitolee twiga." Huanza na msasa, akilainisha kazi ya mwenziwe; kwa mikono yake hujua mnyama alivyo kabla ya kushika tezo. Kisha huchonga vitu vidogo, huviharibu, hutupa motoni, huchonga tena. Hakuna amwonaye kijana huyo kuwa mjinga kwa sababu twiga wake wa kwanza afanana na mbuzi. Hao mafundi wajua jambo ambalo sisi walimu wa insha twasahau, nalo ni kwamba kazi mbaya ya mwanzo ni sehemu ya kazi.

Ila kuna neno jingine la kusema juu ya Wamunyu, nalo si la sifa tupu. Ukipita maduka ya vinyago kando ya barabara utaona twiga mia waliosimama kwa mkao mmoja. Kuiga kulikomfundisha fundi kumemshika asitoke. Ni yaleyale mapambazuko ya dhahabu, ila haya ni ya mti.

Sasa nafika kwenye kizuizi kikubwa cha wanafunzi wa kwetu. Huniambia: "Mwalimu, Kiswahili si lugha yetu. Ni ya watu wa pwani. Sisi hata matamshi yetu huchekwa." Neno hili lina uchungu ndani yake, wala silidharau. Lakini lina usahaulifu pia. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilishuka hadi pwani na pembe za ndovu. Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Kitui, alijuana na pwani kiasi kwamba mmisionari Krapf, alipotaka kuzijua nchi za bara mwaka 1849, alikwenda kwake. Babu zetu hawakungoja cheti ili wazungumze na watu wa Mombasa. Walikuwa na bidhaa na haja, na maneno yakapatikana.

Mtazame tena Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, ambaye hakuna aandikaye Kiswahili leo asiyepita chini ya kivuli chake. Wazazi wake walikuwa Wayao, na yeye kwa miaka mingi aliishi kwa kazi ya ukarani. Na ukitaka wa karibu zaidi, Kyallo Wadi Wamitila, ambaye jina lake pekee lakutosha kujua atoka upande gani, ametoa riwaya ya Nguvu ya Sala mwaka 1999 na Bina-Adamu! mwaka 2002, tena akatunga kamusi ya fasihi ambayo hata watu wa pwani huifungua. Lugha ni kama shamba la ukoo: halimfuati mwenye kulitaja, humfuata mwenye kulilima. Wala usidhani kwamba nakuamuru uiache ile ya nyumbani. John Mbiti wa Kitui alianza kwa kuchapisha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Baadaye vitabu vyake juu ya dini na fikira za Kiafrika vikasomwa duniani kote, na mwaka 2014, akiwa mzee, ikatoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kiyunani. Alianza na lugha ya mama, akazunguka ulimwengu, akairudia.

Na juu ya makosa ya matamshi, acha nikuambie jambo dogo la kukuchekesha. Jina la mji wetu lenyewe ni kosa la matamshi. Mji huu umeitwa kwa jina la Masaku, mzee maarufu wa zamani. Wageni walishindwa kulitamka, wakaandika Machakos, na kosa lao likaingia katika ramani, katika mihuri, katika sheria, na katika vyeti vyetu vya kuzaliwa. Aliyeandika hivyo hakuona haya hata kidogo. Sisemi kwamba alifanya vyema. Nasema tu kwamba kalamu za dunia hazikushikwa na wasiokosea.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kuchekwa. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba vilima vya Machakos vimekwisha, kwamba udongo umechukuliwa na mvua, na kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi na hapana budi wapunguzwe. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa. Hilo si uongo. Lakini kwa kuwa walioandika walikuwa wao peke yao, dawa iliyotolewa ilikuwa yao peke yao. Mwaka 1938 ng'ombe walipochukuliwa, Muindi Mbingu aliongoza watu wengi hadi Nairobi kudai mali yao. Kisha miaka ikapita, na wakulima wakachimba matuta, mengi wakiyachimba bila kulazimishwa na mtu, yale ya kutupa udongo upande wa juu ambayo sasa huitwa "fanya juu" hata katika nchi za mbali. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kizima juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, wakionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ile ya 1930 hadi mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyoandikiwa kifo ilikuwa hai. Mara nyingi nafikiri juu ya mama fulani asiyejulikana, mwenye jembe lake mlimani Iveti au Mbooni, aliyejua jambo hili zamani kabla ya vitabu, na hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakuwa na kalamu. Wewe unayo. Ukikaa kimya kwa sababu ya neno "susu", karatasi haitabaki tupu. Itajazwa na mtu asiyekujua.

Huenda ukasema: "Vema, nimekubali. Nitaandika siku nitakapojiamini." Hapa ndipo wengi hukwama, nami nataka tukae kidogo.

Mwaka 1960 kijana mmoja wa Limuru, aliyeitwa wakati huo James Ngugi, alikuwa mwanafunzi katika chuo cha Makerere, Uganda. Palikuwa na jarida la wanafunzi, Penpoint, na mmoja wa waliolisimamia alikuwa Jonathan Kariara. Siku moja Ngugi alimsimamisha Kariara njiani, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angependa kuitazama? Kariara akakubali. Ukweli ni kwamba hapakuwa na hadithi. Ngugi mwenyewe amelisimulia jambo hili baadaye. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kila walipokutana lilimdai. Ikambidi aende akaiandike, ikawa hadithi juu ya mti wa mugumo, ikatoka jaridani. Mwezi Juni mwaka 1962, waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, alimpa Chinua Achebe mswada wa kitabu alichokuwa akikiandika. Mwaka 1964 kikatoka kwa jina la Weep Not, Child. Ngugi wa Thiong'o alifariki mwezi Mei 2025, na hakuna haja ya kukuambia alikuwa nani.

Mwalimu wa maadili atauliza: je, tumsifu mtu kwa uongo? La. Lakini tuupime vizuri uongo huu. Mwongo husema neno ili asifanye kazi. Huyu alisema neno likamlazimisha kufanya kazi. Ilikuwa karibu zaidi na deni kuliko uongo, na deni alililipa. Jambo ninalotaka ulione ni mpangilio wa mambo. Kujiamini hakukutangulia hadithi. Kama angalingoja ajiamini ndipo aandike, huenda angalingoja hata leo. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha zamani sana kwamba mtu huwa shujaa kwa kutenda matendo ya kishujaa, kama vile mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Mwanzoni tendo latangulia, na tabia yafuata nyuma ikichechemea. Basi asiyejiamini si mtu aliyekosa sharti la kuanza. Ni mtu ambaye bado hajaanza, basi.

Na baada ya kuanza, je, watu watakupokea? Pengine sivyo. Grace Ogot, aliyekuwa muuguzi na mkunga kabla hajajulikana kwa vitabu, alipeleka hadithi zake katika ofisi ya uchapishaji wa vitabu ya serikali za Afrika Mashariki mjini Nairobi, na msimamizi wa huko akashangaa jinsi mwanamke Mkristo awezavyo kuandika juu ya kafara na waganga badala ya kuandika juu ya wokovu. Tafakari jawabu hilo. Halikusema kwamba sentensi zake mbovu. Lilisema kwamba mambo aliyoyajua hayafai kujulikana. Hukumu ya namna hiyo ndiyo huua waandishi wengi, kwa kuwa haina masahihisho. Yeye hakufa. Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ilitoka, na mwaka 1968 zikafuata hadithi zake fupi, kafara na waganga wakiwa ndani.

David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya yetu na leo iko Makueni, alipita njia nyingine: katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vitabu vyake. Vilinunuliwa kwa wingi mno, na walimu wakavifungia makabatini. Mimi nisingekupa vyote uvisome katika umri wako, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini kwa ujasiri wa kutafuta wasomaji wake bila kungoja ruhusa, hana mdeni katika Ukambani.

Utaniuliza ufanye nini kesho asubuhi. Sina mengi. Mtafute msomaji mmoja tu, asiwe mwenye kukusifu kila mara wala asiwe mwenye ulimi wa shubiri. Rafiki ambaye akichoka kusoma atakuambia alichoka mstari gani. Usimpe aliyekucheka. Akikuambia, "Sentensi hii sikuielewa," usimweleze kwa mdomo; nenda kaiandike upya, kwani hutakwenda na kila msomaji nyumbani kwake. Akisema jambo la kweli kwa jeuri, chukua kweli umwachie jeuri yake. Andika kwanza ulivyosimulia chini ya mti, na maneno ya nyumbani yakiingia yaache yaingie. Siku ya pili uamue lipi litoke na lipi libaki. Baadhi yatatoka. Sarufi si adui, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani kwamba nimeruhusu uvivu. Nimekuwa mwalimu mkali na nitaendelea kuwa. Nimebadili tu wakati wa ukali: nauweka siku ya pili.

Yule msichana alikuwa kidato cha nne nilipojua nilichomtendea. Nilikuwa nikipanga daftari za zamani nikaikuta alama niliyoiandika katika kitabu changu cha kumbukumbu: "Kikamba ndani ya Kiswahili. Aonywe." Nikaikumbuka ile sentensi ya jembe, yote, neno kwa neno, nikashangaa kwamba katika miaka mitatu hakuna sentensi nyingine ya darasa lile niliyoikumbuka. Nikamwita. Nikamwomba radhi, na kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu, nilimwomba radhi tena darasani, jambo ambalo nakiri lilinitoa jasho. Nikamwuliza kama bado anayo insha ile. Akasema aliiwashia moto jikoni siku ileile. Nikamwomba aiandike tena. Akasema, kwa adabu, kwamba ana mtihani.

Yapata mwezi mmoja baadaye nilikuta mezani kwangu kurasa mbili zilizokunjwa. Neno la kwanza lilikuwa Susu. Jembe lilikuwapo, na safari hii palikuwa na mvua iliyonyesha siku ya pili, na kutu iliyoanza kuonekana, na babu aliyekwenda kila jioni kulitazama akarudi mikono mitupu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika: "Mwalimu, tafadhali usiisome kwa sauti."

Sikuisoma kwa sauti. Nilitengeneza koma mbili na neno moja lililokosa herufi, nikamrudishia.